Mtani Mwenye Jembe
Mazungumzo juu ya kicheko na msiba, yaliyosomwa mbele ya wanachama mjini Mbarara



Halmashauri ya chama chetu imenitaka niseme maneno machache katika siku hii ya ukumbusho. Nilipoulizwa nitasema juu ya nini, nilijibu: juu ya kicheko katika nyumba yenye msiba. Nikaona nyuso zikikunjamana. Basi nawaomba mnivumilie mpaka mwisho, ndipo mhukumu kama nimekosa adabu au nimesema jambo lenye manufaa.

Kila mmoja wetu ajua jinsi mauti yanavyofunga vinywa vya watu. Mgonjwa ajua kwamba safari imekaribia, mkewe ajua, na watoto wajua. Lakini wakikaa pamoja jioni, wote huzungumza habari za mvua na bei ya maharagwe. Akisha kuzikwa ndipo maswali yanapoanza. Marehemu alikuwa akidaiwa na nani? Kiwanja kile alikinunua, au aliazimwa tu? Watoto wadogo alitaka walelewe na nani? Hapana ajuaye, maana hapana aliyethubutu kuuliza. Wazee walisema kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Nami naongeza kwamba mficha kifo, jamaa zake ndio waumbukao.

Huzuni nayo ina kufuli yake. Yuko aliyefiwa ambaye mwaka mzima halitaji jina la marehemu. Na jamaa zake, kwa kumhurumia, nao hawalitaji. Hivyo marehemu huwa amekufa mara mbili: mara ya kwanza kwa mwili, na mara ya pili katika vinywa vya watu wake.

Mimi nilizaliwa Tabora, katika nchi ya Unyamwezi. Babu zetu walikuwa wapagazi, waliochukua mizigo kutoka bara mpaka pwani, na katika safari zile walifanya utani na makabila waliyokutana nayo, Wazaramo wakiwa miongoni mwao. Waliotoka Tanzania wajua utani ni nini. Lakini kwa ajili ya wengine nitaeleza. Utani ni ujamaa baina ya makabila mawili, ambayo pengine zamani yalipigana vita au yalifanya biashara. Mtani wako aweza kukutukana mbele ya watu nawe usikasirike. Aweza kuchukua kuku wako nawe usimshitaki. Lakini mtani huyo huyo, siku ukifiwa, ndiye ajaye mbele. Ndiye achimbaye kaburi, ndiye apasuaye kuni, na katikati ya kazi hiyo ndiye mwenye ruhusa ya kucheka wakati wengine wanalia. Huigiza mwendo wa marehemu, huvaa nguo zake, hulalamika kwamba marehemu amemkimbia. Hata pengine huzuia jeneza njiani mpaka apewe senti chache.

Haya si maneno ya barazani tu. Bwana R. E. Moreau, mtaalamu wa ndege aliyefanya kazi Amani katika milima ya Usambara, aliandika juu ya utani wa Tanganyika makala iliyochapishwa mwaka 1944. Na katika miaka ya 1970 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikusanya habari za utani wa makabila mengi. Wala si desturi ya Tanzania peke yake. Ndugu zetu Wanyarwanda wanao abase, yaani watu wa ukoo mwingine wenye haki ya kutaniana nao, ambao desturi ya kale iliwapa kazi zao katika ujenzi wa nyumba na katika kumaliza msiba. Kwa hiyo wazee wa nchi mbalimbali walikuwa wameona jambo moja: kwamba aliyefiwa amhitaji mtu wa kulia pamoja naye, na pia amhitaji mtu mmoja asiyelia.

Nilikuwa kijana mdogo baba yangu alipofariki. Mama alikaa juu ya mkeka siku mbili, hakula wala hakusema. Wanawake walimsihi, shangazi zangu walilia mbele yake ili naye alie, lakini wapi! Siku ya kwanza alikuwa amekuja Mzaramo mmoja, mfanyakazi wa reli, aliyekuwa akitaniana na baba kila Ijumaa baada ya sala. Alikuja na jembe begani, akachimba mpaka mikono ikafanya malengelenge, akashuka kaburini pamoja na wajomba zangu kumlaza marehemu katika mwanandani. Usiku wa pili aliingia uani, amevaa kofia ya baba. Akasimama nje ya mlango, akakohoa kikohozi kile kile cha baba, akasema: "Hodi wenyewe! Huko nilikokwenda chai haina sukari. Nimerudi kuchukua kidogo."

Baba alipenda sukari kupita kiasi, na mama alikuwa akigombana naye kila siku kwa ajili hiyo. Watu wote walishika pumzi. Mama akainua uso, akacheka. Akacheka mpaka kicheko kikageuka kilio, na kilio kile ndicho tulichokuwa tukikingoja. Alipokwisha kulia akaanza kusema, na katika maneno yake akasema: "Sukari! Mwezi uliopita alichukua nusu gunia dukani, na mpaka leo hajalipa." Sisi watoto hatukuwa na habari, wala ami zetu. Asubuhi yake deni lililipwa. Tumefundishwa kwamba roho ya Muislamu hufungika kwa deni lake mpaka lilipwe. Basi kicheko kimoja kilimfungua mama kinywa, na kinywa cha mama kikamfungua baba.

Wako watakaoniuliza: Je, dini yetu yaruhusu hayo? Swali ni la haki. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alimlilia mwanawe Ibrahim, akatufundisha kwamba machozi na majonzi si makosa, bali kosa ni ulimi kusema yasiyompendeza Mola. Kilichokatazwa ni kupiga mayowe, kurarua nguo na kumlaumu Muumba. Na imesimuliwa pia kwamba alikuwa akifanya mzaha, ila hakusema isipokuwa kweli. Bibi kizee mmoja alimtaka amwombee dua aingie peponi, naye akamjibu kwamba vikongwe hawaingii peponi. Yule bibi akageuka akilia, ndipo Mtume akaagiza aambiwe kwamba hataingia hali ya kuwa mzee, kwa kuwa Mwenyezi Mungu atawarudishia waja wake ujana. Utazameni vizuri mzaha huu. Ulihusu mauti, ulisemwa na mtu mwenye huruma, ulikuwa kweli tupu, na mwisho wake ulikuwa bishara njema. Nayajua mazito mengi yaliyosemwa juu ya ahera ambayo hayakumwacha msikilizaji na faraja kama hiyo.

Sasa nije Nakivale. Makazi yale yalifunguliwa mwaka 1958, na Wanyarwanda waliokimbia machafuko yaliyoanza mwaka 1959 walikuwa miongoni mwa wakazi wake wa kwanza. Yamo katika wilaya ya Isingiro, iliyokatwa kutoka Mbarara mwaka 2005, kando ya ziwa lenye jina hilo hilo, si mbali na mpaka wa Tanzania. Leo wamo zaidi ya watu laki moja: Wakongo, Warundi, Wasomali, Wanyarwanda, Waethiopia, Waeritrea na wengineo, na lugha inayowakutanisha wengi wao bombani na sokoni ni hii yetu ya Kiswahili.

Mtu aliyekimbia nchi yake huacha mengi, na watu hutaja nyumba, ng'ombe na shamba. Hawamtaji mtani. Aliyekuwa na haki ya kumcheka na wajibu wa kumzika amebaki ng'ambo ya mpaka, au amekimbilia nchi nyingine, au naye amekwisha kufa. Zaidi ya hayo, wengi wana maiti wasio na kaburi la kuzuru. Mume alifia njiani, akazikwa na watu asiowajua. Ndugu alipotea, na habari zake zasemwa kwa namna tatu. Matanga hayakukaliwa, kwa hiyo hayakuanuliwa. Mtoto akiuliza baba yuko wapi, huambiwa amesafiri. Mtoto huyo hukua akimtazama kila abiria ashukaye garini.

Miaka michache iliyopita nilifika katika nyumba moja ya namna hiyo, pamoja na mke wangu na vijana wawili wa chama. Mwenye nyumba alikuwa mama wa makamo kutoka Kongo, mwenye watoto wanne, na tuliambiwa kwamba hakupata kumtaja mumewe tangu alipovuka mpaka. Mimi, kwa kukumbuka mambo ya Tabora, nikajifanya mtani. Nikamsimulia hekaya ya Abunuwasi, aliyeazima sufuria kwa jirani, akairudisha na kisufuria ndani yake, akisema kwamba sufuria imezaa. Jirani akafurahi, akavipokea vyote viwili. Alipoiazima mara ya pili hakuirudisha. Akasema sufuria imekufa. Jirani akafoka: sufuria yaweza kufa? Naye Abunuwasi akamjibu: uliposikia kwamba imezaa ulisadiki, mbona sasa wakataa kusadiki kwamba imekufa? Nilikusudia kumfundisha yule mama kwamba anayepokea uzazi hana budi kupokea na mauti. Vijana walicheka. Mama aliinuka kimya, akatoka nje, akakaa karibu na mafiga mpaka tulipoondoka.

Nilirudi nimefedheheka. Njiani mzee mmoja Mrundi aliyekuwa ametuongoza aliniambia neno ambalo sitalisahau. Alisema: "Bwana, umekuja na mzaha, lakini hukuja na jembe."

Neno lile ndilo nililosimama hapa kuwaletea. Yule Mzaramo hakuwa na haki ya kuvaa kofia ya baba yangu kwa sababu alikuwa mchekeshaji hodari. Alikuwa na haki kwa sababu malengelenge ya kaburi la baba yalikuwa mikononi mwake. Mtani hucheka kwa ruhusa ya jembe lake. Asiyechukua sehemu ya mzigo, mzaha wake ni mzigo mwingine.

Basi tulirudi tena, safari hii bila hekaya. Turubai la paa lake lilikuwa limepasuliwa na upepo. Vijana wakakata miti, wakalifunga upya. Mke wangu akakaa naye wakapura maharagwe. Tulirudi mara ya tatu, nayo ilikuwa siku ya mvua, sote tumebanana ndani, na paa halikuvuja hata tone moja. Sufuria ilikuwa jikoni. Yule mama akaitazama, akatabasamu, akaniambia: "Mzee, sufuria yangu mimi haikufa. Siku tuliyokimbia mimi niliibeba hii kichwani, na yeye akabeba redio. Nikamwambia, bwana, leo usiku tutapika habari."

Sote tulicheka, naye alicheka kupita sisi. Kisha, bila kuulizwa na mtu, akalitaja jina la mumewe. Akasema jinsi alivyokuwa akibishana na redio ile kana kwamba yamsikia, jinsi alivyoshikwa na homa siku ya nne ya safari, na mahali walipomwacha. Watoto wake waliacha kuchezacheza, wakasogea. Mkubwa, mvulana wa kiasi cha miaka kumi, aliuliza: "Kwa hiyo hakusafiri?" Mama akamjibu: "Hakusafiri, mwanangu. Amefariki." Mtoto alilia, na mama akalia naye, na tulipoondoka walikuwa wangali wameshikana. Lakini kufuli ilikuwa imefunguka.

Ijumaa iliyofuata marehemu yule alisaliwa sala ya ghaibu. Mwajua kwamba katika madhehebu yetu ya Shafii tunaisali kwa kufuata mfano wa Mtume alipomsalia Najashi, mfalme wa Uhabeshi. Na Najashi alikuwa nani? Ndiye aliyewapokea Waislamu wa kwanza walipokimbia mateso ya Makka. Mara ngapi nimeisikia habari ile, nisitambue kwamba sala hii imefungamana na habari ya wakimbizi tangu mwanzo wake!

Jambo la jembe kwanza na maneno baadaye sikuliona Nakivale peke yake. Hapa Mbarara, tangu mwaka 1998, iko huduma iitwayo Mobile Hospice, tawi la Hospice Africa Uganda, ambayo Daktari Anne Merriman aliianzisha Kampala mwaka 1993. Wauguzi wake huwazuru majumbani wagonjwa ambao maradhi yao hayatarajiwi kupona, nao huwapa mofini ya maji, dawa ya kunywa ituulizayo maumivu makali. Tangu mwaka 2004 sheria ya Uganda yawaruhusu wauguzi waliofundishwa kazi hiyo kuiandika dawa hii wao wenyewe, bila kumngoja daktari. Ni dhahiri kwamba mtu ambaye mifupa yawaka moto hawezi kuzungumza juu ya wasia wala juu ya toba. Mtulizeni kwanza maumivu. Akilala usiku mmoja, asubuhi aweza kutania uji wenu, na baada ya utani huo akasema lililo moyoni. Dawa ile ni jembe lao.

Hata Ulaya watu wameanza kulitafuta jambo hili. Mwaka 2004 Bwana Bernard Crettaz wa Uswisi alianza kuwakusanya watu mkahawani ili wazungumze juu ya mauti, na mwaka 2011 Bwana Jon Underwood akafuata mfano huo London, watu wakinywa chai na kula keki. Mikutano ya namna hiyo imeenea nchi nyingi. Nawasifu kwa kujaribu. Lakini sisi tulikuwa na mikeka ya matanga na buli za kahawa tangu zamani. Aibu itakuwa kwetu tukiwaachia wengine kazi ambayo wazee wetu walitufundisha.

Sasa nataka nieleze mipaka, maana mzaha usio na mipaka ni ufidhuli. Kwanza, lete jembe kabla ya neno: maji, kuni, paa, nauli, au mkono wa kumshika mtoto. Pili, kaburini na wakati wa sala ya jeneza ni mahali pa kunyamaza na kuomba dua. Kicheko kina wakati wake, jioni, watu wakisha kula. Tatu, usimcheke marehemu kwa aibu yake wala usimzulie. Taja alichokuwa akipenda, na kiwe kweli. Nne, mwenye msiba ndiye mwenye kicheko. Wewe fungua mlango kidogo tu. Asipotaka kupita, ufunge kwa adabu, ukaendelee kupasua kuni. Tano, mwanamke aliye edani ana heshima yake. Wanawake wenzake wawe ndio watani wake. Sita, ile desturi ya baadhi ya watani kuchukua kitanda na vyombo vya marehemu tuiache kabisa, kwa kuwa huenda ni mali ya yatima, na mali ya yatima ni moto.

Na la mwisho ndilo kubwa. Kicheko kikisha kufungua mlango, usisimame kizingitini ukifurahia ufundi wako. Ingia ufanye kazi. Mgonjwa akitania juu ya kifo chake, usimwambie "usiseme hivyo, utapona." Mjibu kwa utani mwema, kisha umuulize: Wadaiwa na nani? Watoto wako wataka walelewe na nani? Uzikwe wapi? Na uyaandike mbele ya mashahidi. Tumeusiwa kwamba Muislamu mwenye kitu cha kuusia asilale usiku wa pili ila wasia wake umekwisha andikwa. Nami naogopa kwamba wengi wetu katika ukumbi huu tumelala miaka thelathini.

Mimi mwenyewe niliandika wangu mwezi uliopita. Mke wangu aliusoma, akaniambia kwamba sikuacha kitu isipokuwa baiskeli na maneno mengi. Baiskeli ataichukua, lakini maneno niyamalize kabla sijaondoka. Ndiyo maana leo mmenisikia nikisema kwa muda mrefu.

Ndugu zangu, Mnyamwezi na Mzaramo hawakuzaliwa watani. Walikutana njiani wakiwa na mizigo, na njia ile ikawafanya kuwa jamaa. Nakivale nayo ni njia, na Mbarara ni njia. Sote tumekutana humu na mizigo yetu. Kwa hiyo naleta ombi mbele ya halmashauri na mbele yenu nyote: kila nyumba ya mwanachama hapa Mbarara ijifanyie utani na nyumba moja ya Nakivale, wa kwetu wawazike wao, na wa kwao watuzike sisi; na baina ya mazishi na mazishi, tuchekane.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotutangulia, walio na makaburi na wasio na makaburi, awape subira waliofiwa, na atujaalie sisi mwisho mwema. Amin.

Wassalaam alaykum.